Mfalme wa Majini Kwenye Karatasi ya Mbegu

Rawani alikuwa kidato cha mwisho, na pale Shubra, mtaa wa Cairo, nyumba yenye mtahiniwa huishi kama nyumba yenye mgonjwa. Televisheni huzimwa, wageni huambiwa wasije, mama mwenyewe hupika kwa kunyata. Sasa mtahiniwa wa nyumba hii alikuwa anasoma nini? Habari za mfalme wa majini aliyempenda msichana wa shule!

"Hesabu utafanyiwa na jini?" Suheri alimuuliza bintiye.

"Mama, hujasoma hata ukurasa mmoja."

"Sumu haionjwi, mwanangu."

Mkokoteni wa mnunuzi wa vitu vikuukuu ulipopita, Suheri akazitia riwaya zote kikapuni, akaziteremsha kwa kamba kutoka roshani ya juu. Alijiona mama aliyetimiza wajibu wake. Rawani alirudi kutoka shuleni, akakuta rafu tupu. Hakulia wala hakupiga kelele.

Tangu siku hiyo ikawa ni "ndiyo" na "hapana," basi. Suheri alikuwa na mtoto huyo mmoja, mumewe yuko kazini Kuwait, na ukimya ule ulimuuma. Alipika kabichi iliyojazwa wali, chakula ambacho Rawani hakikatai hata akiwa na homa. Rawani akala, akaosha sahani yake, akaingia chumbani.

Alhamisi alasiri Suheri akateremsha kikapu kwa Ami Shauki, muuza mbegu za kukaanga wa pale chini.

"Za maboga, Ami, na usinipunje!"

"Nikupunje wewe, Mama Rawani? Nitahamia wapi?"

Kikapu kikapanda. Mbegu zilikuwa ndani ya karatasi iliyoviringwa, karatasi ina maandishi, na macho hayana pazia; akasoma. Msichana amesimama mlangoni mwa kasri la majini. Mfalme anamwonya: ukiingia, mama yako atakusahau. Msichana anajibu: mama hawezi kunisahau, ila kunisikiliza ndiko kumemshinda. Akainua mguu. Ukurasa ukaishia hapo.

Suheri aliacha kutafuna. Akainama roshanini.

"Ami! Nipe karatasi inayofuata hii!"

"Inayofuata? Mimi nanunua karatasi kwa mwenye mkokoteni, sinunui hadithi! Zote zimechanganyika."

Akaingia chumbani kwa bintiye, akaiweka karatasi ile yenye mafuta juu ya daftari la hesabu. Rawani aliitazama, akautambua ukurasa wa kitabu chake.

"Nilikosa," Suheri alisema. "Vitabu vilikuwa vyako, nami sikukuuliza. Nisamehe, mwanangu." Kisha akauliza lile lililomkaba. "Niambie basi. Aliingia?"

"Kwani wewe unajali nini?"

"Najali. Niliita mpaka mtaa mzima ukachungulia madirishani."

Rawani alijizuia asicheke, akashindwa kidogo.

"Aliingia," alisema. "Akakaa huko akipendwa na mfalme, kila kitu anacho. Lakini kila asubuhi anakwenda mlangoni kusikiliza kama mama yake anabisha hodi."

"Akaja?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si umekisoma?"

"Nilikuwa nimefika hapo, mama, ulipokiuza."

Suheri alikaa kitandani, machozi yakamtoka. Kisha akainuka, akajifunga mtandio.

"Vaa viatu," alisema. "Shauki bado hajafunga."