Pipa Nililolikataa

Kila Agosti, baridi ikiwa imelikamata bonde letu la Barossa, huku Australia, kiwanda cha mvinyo cha Rosenhain hutuita sisi wenye mizabibu ya zamani tuonje Shiraz, mvinyo mwekundu ulio kwenye mapipa. Hapo ndipo huamuliwa nani anaingia kwenye mvinyo wao mkubwa, wenye picha ya kengele, na nani anamwagwa kwenye ule wa bei rahisi, wa kila siku. Glasi hazionyeshi majina. Jina hubandikwa chini ya kitako. Wakulima wawili wakiikataa glasi moja, imetoka.

Mizabibu yangu aliipanda babu wa babu yangu, na tangu kengele ianze kubandikwa kwenye chupa hatujawahi kukosa. Baba alifariki mwaka jana. Haya yalikuwa mavuno yangu ya kwanza bila yeye, na nilitaka kuingia. Sikutaka kitu kingine.

Annika Pohl, mtengenezaji mvinyo, alimimina. Jirani yangu Dudley Schirmer aliibana ndoo ya kutemea katikati ya magoti kama anakamua ng'ombe.

"Colin, tema, usimeze," alisema. "Ukilewa unaimba nyimbo za kanisani, na sauti yenyewe ya mbuzi."

"Mbuzi ana meno. Wewe je?"

Glasi tatu za kwanza zilikuwa safi, zina ukali wa pilipili manga. Ya nne ilinikera. Tamu mno, nzito, kama jamu iliyosahaulika jikoni.

"Hii itoke," nilisema. "Mwenyewe kaziacha zabibu juani mpaka zikanywea. Alikuwa anangoja nini, harusi?"

Dudley alionja, akatema. "Kweli. Itoke."

Annika aliigeuza glasi. Chini yake palikuwa pameandikwa Wuttke. Ndiye mimi.

Annika alikohoa kidogo.

"Colin, ghala lina baridi leo, mvinyo umejifunga, ladha haitoki. Niupashe kidogo tuonje tena?"

"Mimi chai imeniunguza ulimi," Dudley akadakia. "Neno langu lisihesabiwe."

Walikuwa wananihurumia, na nilishawishika. Nikaichukua glasi nikaonja tena, nikitafuta chochote cha kuitetea. Nilichokipata ni ladha ya ile wiki ya joto kali la Februari. Majirani wote walichuma. Mimi nilingoja, kwa kuwa baba alikuwa akingoja hadi Machi. Lakini baba alingoja kwenye miaka ya baridi, na hilo nililijua.

"Ni jamu," nilisema. "Upelekeni kwenye ule wa kila siku."

Mama, Irma, alikuwa jikoni niliporudi.

"Tumeingia?"

"Hapana."

"Nani katutoa? Si yule Schirmer?"

"Mimi."

Aliacha kukoroga supu. "Wewe?"

"Sikujua ni wetu. Nilipojua, ulikuwa bado mbaya."

"Baba yako angegombana nao mpaka jioni."

"Najua."

"Na angeshinda. Halafu watu wangekunywa jamu ndani ya chupa ya kengele."

Nilivua viatu nikakaa. Kuanzia sasa, nilimwambia, nitachuma siku nitakayoona mimi zabibu ziko tayari, si kwa tarehe za baba.

"Haya," alisema, akanisogezea bakuli. "Kula kwanza. Mizabibu haijapogolewa."