Mlima Kibuyuni

Mbeyu Sanga alikuwa mkulima wa mwani pale Kibuyuni, pwani ya Kwale, mjane wa miaka hamsini na mitatu, na kazi yake ya pili ilikuwa kuhesabu mawe ya angani. Hakuna aliyeishangaa kazi hiyo, kwa sababu hakuna aliyeiamini. Mwalimu Alamin wa shule ya sekondari ndiye aliyemwonyesha. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wamepeleka chombo kwenye asteroidi, mwamba mkubwa unaolizunguka jua, na chombo kikarudisha picha nyingi kuliko macho waliyokuwa nayo. Wakaomba watu wa popote wazitazame kwenye simu zao na kutia alama kila jiwe, kila ufa na kila shimo. Wengi walichoka baada ya picha tatu. Mbeyu, aliyezoea kukagua kamba za mwani fundo kwa fundo, alifikisha elfu mbili.

Siku moja akapokea barua kwenye simu. Kulikuwa na shimo la duara, lenye upana wa mita tisini, ambalo yeye ndiye wa kwanza kulitia alama. Watafiti walikuwa wameamua kuliita, wao kwa wao, Kibuyuni. Mwalimu Alamin aliisoma barua mara mbili, akaenda mjini Ukunda kuchapisha picha ya shimo kwenye karatasi kubwa, akaibandika sebuleni kwa Mbeyu. Mbeyu alifurahi kwa namna yake: alipika pilau siku ya Jumanne.

Habari zikamfikia Chande, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Akaja na daftari.

"Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

"Nimesikia tumepewa eneo."

"Tumepewa jina tu."

"Ekari ngapi?"

Mbeyu akapiga hesabu. "Kama moja na nusu."

"Na majirani zetu huko ni kina nani?"

"Mawe."

Chande akaandika: hakuna mgogoro wa ardhi.

Haikupita wiki, ikatangazwa kwamba Mheshimiwa mbunge mwenyewe atakuja kuzindua. Kisha Katana, msaidizi wa Mheshimiwa, akapiga simu akiwa na hasira. Mheshimiwa hazindui mashimo. Uchaguzi umekaribia. Hata kisima hukizindua kikishafunikwa. Chande alirudi kwa Mbeyu mbio, jasho linamtiririka.

"Bi Mbeyu, huwezi kuliinua kidogo?"

"Kuliinua?"

"Kwenye karatasi tu."

"Mwenyekiti, shimo ni shimo. Limechimbika kabla babu zetu hawajazaliwa."

Chande aliibandua picha ili akajaribu kumbembeleza Katana. Alipofika mlangoni akasimama ghafla. Mikononi mwake karatasi ilikuwa imepinduka, juu chini, na shimo halikuwapo. Palikuwa na kilima, cha duara, kimenyanyuka vizuri.

"Subhanallah! Kimetoka wapi?"

"Hakijatoka popote," alisema Mbeyu. "Macho yetu yamezoea mwanga utokao juu. Ukiipindua picha, kivuli kinakuja chini, na shimo linaonekana kilima. Macho yanadanganyika."

"Lakini yanaona kilima?"

"Yanadanganyika, mwenyekiti."

"Lakini yanaona." Akaondoka na picha yake.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa mahema na viti vya plastiki. Kitambaa kirefu kiliandikwa MLIMA KIBUYUNI, FAHARI YETU ANGANI, na chini yake picha ikatundikwa juu chini. Mheshimiwa alisema kuwa Kilimanjaro ni ya jirani, lakini mlima huu ni wa Kwale, na haukupatikana kwa bahati bali kwa uongozi bora. Vigelegele vikapigwa.

Mbeyu akaitwa kutoa shukrani. Katana alikuwa amemwandikia maneno kwenye karatasi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa salamu, akausoma. Wa pili ulikuwa wa shukrani, akausoma. Wa tatu ulisema: "Nami ndiye niliyeugundua mlima huu." Hapo akaikunja karatasi. Zile picha elfu mbili alizipitia akirudia tena na tena kila alama yenye shaka, na hakuna hata mara moja aliyoweka jiwe pasipo na jiwe. Aliona haya, kana kwamba ameambiwa achanganye mchanga kwenye mwani wake kabla ya kuufunga kwenye magunia ya kuuza.

"Mheshimiwa, utanisamehe," alisema. "Picha hii imepinduliwa. Mwalimu, tafadhali nisaidie."

Mwalimu Alamin alipanda jukwaani akaigeuza. Uwanja mzima ukaguna. Mlima ulizama mbele ya macho ya watu, mgeni rasmi akiwa amekaa pale pale. Jumwa, mkulima mwenzake Mbeyu, akapiga ukelele: "Umekwenda!" Katana akainama kutazama viatu vyake. Chande akatazama lango la kutokea.

Lakini Mheshimiwa alikuwa na miaka ishirini kwenye siasa. Alisimama taratibu, akakitwaa kipaza sauti.

"Wananchi, mmeshuhudia wenyewe. Tumeachiwa shimo! Na nani? Na viongozi waliotangulia! Wamekaa miaka yote hiyo wakilitazama. Leo nawaahidi, mbele ya mama huyu jasiri: mkinichagua, nitalifukia!"

Watu wakarusha kofia. Hata Jumwa alipiga vigelegele, kisha akamtazama Mbeyu kwa aibu akanyamaza.

Baada ya wiki mbili Chande alikuwa amekwisha andikisha vibarua mia moja na kumi na wawili, na vijana wa kijiji jirani cha Jego walikuwa wameandamana wakidai wamebaguliwa. Akafika kwa Mbeyu kuuliza kina cha shimo, ili ajue malori mangapi ya mchanga yatatosha.

Mbeyu alitaka kukasirika, akashindwa. Alimvutia kigoda, akampa simu. "Keti. Tia alama kila jiwe unaloliona."

Chande aliketi kwa heshima tu, akidhani ataondoka mara moja. Picha ya kwanza alikosea vibaya: alizungushia vivuli vitupu. Mbeyu akamwonyesha mwanga unatoka wapi. Ya pili ilikuwa nafuu. Adhana ya alasiri ilimkuta ameinamia kioo, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Hili nalo ni jiwe?"

"Hilo ni jiwe."

"La kweli?"

"La kweli kabisa, mwenyekiti."

Chande akalizungushia alama polepole, kisha akaomba picha nyingine.