Mshale wa Manometa

Nasiri alishindilia mkono wa pampu mpaka mshale wa manometa, saa ya kupimia presha ya bomba, ukapanda, akaachia. Kabla hajafuta jasho, ukaanza kushuka tena.

Maji ya kupimia bomba jipya yalichotwa ziwani na wanawake wa mtaa, bidoni kichwani, bure, kwa sababu waliambiwa hiyo ndiyo safari ya mwisho. Ahadi ni deni, lakini Rumonge nzima nani wa kumdai mkubwa? Zuwena, mkewe Nasiri, alikuwa miongoni mwao. Binti yao Nour alitoka juzi tu kwenye hema la kipindupindu, shingo imebaki kama ya kifaranga.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Bomba linajazwa, linashindiliwa, linaachwa. Kisha unaongeza maji mpaka mshale urudi ulipokuwa, na ulichoongeza ndicho kilichovuja. Jean Bosco, mkubwa wa kazi, alichora mstari wa mkaa ndani ya ndoo ya maji ya kuongezea: yasipungue chini ya hapo. Sasa ndoo ilikuwa tupu.

"Shefu, iko inavuja sana," Nasiri alisema. "Ni kule chini, kwenye kiungo, karibu na vyoo vya soko. Siku maji ikikatika, bomba itavuta ule uchafu."

"Wageni wa uzinduzi wametoka Buja, wameshapita Muhuta. Funga vane ya kwenda chini."

"Hapo tutapima hiki kipande cha barabarani tu."

"Nani atajua? Funga, ama nitafute fundi mwingine?"

Alifunga. Aliizungusha koki hadi mwisho, bila kumtazama Jean Bosco.

Wageni walifika, viatu vinang'aa. Mshale ulisimama, haukutikisika, makofi yakapigwa. Zuwena alipiga kigelegele, akamwaga chini maji yote ya bidoni yake.

"Papa Nour, mambo ya ziwa imeisha!"

Nasiri hakuweza kuvumilia. Aliinama mbele ya watu wote, akafungua vane. Mshale ukaporomoka hadi sifuri.

"Munaona?" Jean Bosco alidakia, hata mate hakumeza. "Maji imeanza kushuka kwa wananchi!"

Makofi yakazidi yale ya kwanza.

"Uongo! Inavuja!" Nasiri alipiga kelele, lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Zuwena alikuwa akimtazama mumewe, si mshale. Aliokota bidoni yake tupu, akashika njia ya ziwani.