Kosa la Kucheka

Tusimfiche: siku ile mjinga alikuwa Amri. Alimpakia dada yake kwenye baiskeli kutoka Nambambo mpaka kliniki ya Nachingwea, kwenda kumshitaki kwa kosa la kucheka.

Zulfa aliugua akili mwaka tisini na nane. Sauti zilimwamrisha atoroke. Mara aokotwe Ruponda, mara Chiola, nyayo zimechanika. Sindano ya kila mwezi ikazinyamazisha sauti hizo, na Amri hakuisahau fadhila hiyo. Lakini ilimwachia Zulfa shingo ngumu, uso usiosogea na mikono ya kutetemeka. Yeye aliyekuwa akibangua korosho zikatoka nzima, sasa zilitoka vipandevipande. Miaka minane Amri aliutania uso ule usicheke, akajijibu mwenyewe.

Kisha mpwa wao akampeleka Dar es Salaam, daktari akambadilishia dawa: vidonge vipya, kila siku. Alirudi amenenepa, sufuria haimtoshi. Siku mbili kabla ya safari ya kliniki, Amri akasimulia kisa chake kilekile cha mbuzi wa Ruangwa aliyekula barua ya posa. Zulfa akaangua kicheko.

"Miaka yote unakosea, kaka. Yule mbuzi alikuwa jike."

Amri akaacha kusimulia. Ugonjwa umerudi!

"Mrudishie sindano, sista," alimwambia muuguzi, Klementina, walipofika kliniki.

Klementina akamgeukia Zulfa. "Unasikia sauti?"

"Ya huyu tu, tangu Nambambo. Hanyamazi."

Muuguzi akamnyoosha mikono: imetulia tuli. Akampima uzito, akaguna.

"Sindano si adui, Bwana Amri. Wapo wanaoishi nayo vizuri. Na hivi vidonge navyo vina madhara yake: njaa, unene, hata sukari, tutaipima. Akiviacha, sauti zinaweza kurudi. Lakini mwili ni wake, aseme yeye."

"Nataka vidonge," alisema Zulfa.

"Na akitoroka tena?" Amri aliuliza. "Mara ya mwisho nilimtafuta siku tatu, sista. Nilikuwa natembea natazama juu, wapi tai wanazunguka."

Zulfa aliinama, akayakaza macho kwenye vidole vyake.

"Kwa sindano alitulia," Amri akashikilia. "Miaka minane hajagombana na mtu hata siku moja!"

Zulfa akainua kichwa.

"Hata mama hajagombana na mtu, kaka, tangu tumzike."