Jiko ya Ngalula chini ya mayi

Bwana yangu Kyungu hakuwa anakula samaki ya Lualaba. Kwetu, kama mayi imekula muntu wako, hauli tena kitu kinatoka mu ile mayi mpaka siku roho yako itanyamaza. Bengine inawanyamaza kisha mwaka. Yeye, watoto wangu walizaliwa, wakaoa, na roho ilikuwa ingali inalia Ngalula, bibi yake wa kwanza, mwenye mto ulibeba pamoja na nusu ya kijiji kule Mulongo, mwaka wa mvua kubwa.

Basi hapa Kamina samaki ilikuwa inashuka sokoni, harufu inaingia mpaka mu kiwanja yetu, na minyi ninapika maharagwe. Mufu hapiki, lakini njo alikuwa anachagua chakula ya nyumba yangu.

Hii mwaka kiangazi kilikausha mto. Mudogo wake Banza, mwenye alibakia Mulongo, akamupigia simu mukubwa wake: "Yaya, mayi imeshuka. Nyumba za zamani zinaonekana."

Kyungu akaanza kutafuta viatu. Nikamwambia: "Hauendi peke yako." Nilitaka kumuona Ngalula, mwenzangu.

Kule Mulongo, Banza alitupeleka na bwato mpaka juu ya nyumba ya Ngalula. Akaacha kupiga kafi, mayi ikatulia, nikaangalia chini. Nilijitayarisha kuona matope. Nikaona kuta za matofali, fupi, zimevaa kijani. Majani marefu yalikuwa yanayumba kama nywele za muntu anasukwa. Mafiga yalikaa pa nafasi yao, na chungu kubwa pembeni, shingo yake yote mistari. Samaki wadogo wanaingia mu chungu, wanatoka, kama watoto wanatumwa. Jua ilifika mpaka kule, ikapaka kila kitu dhahabu. Minyi jiko yangu imekuwa nyeusi na moshi, goti inaniuma. Yake haikuzeeka hata kidogo.

"Alikuwa muntu wa usafi," Kyungu akasema polepole.

"Kama hapiki, masizi itatoka wapi?" nikamujibu.

Banza akakohoa, anaficha kicheko.

Tulipotoka mu bwato, bibi ya Banza, Chancelvie, alitutandikia bukari, ule ugali wetu, na samaki mubichi ya mto, ya kukaanga. Kwa Kyungu aliweka sombe, majani ya muhogo, kwani wote banajua mwiko yake. Nikachukua samaki na mukono yangu, nikaiweka mbele yake.

"Mama Mbuyu," akaniambia, "unajua."

"Ninajua. Njo maana ninakupa hapa, mbele ya Ngalula. Nimemulia pamoja na weye, na sikumujua hata sura. Umeona mwenyewe leo. Anaikala muzuri kutupita."

Hakugusa. Akaangalia mto.

Basi nikavuta sahani. Toka niliolewa sikuonja ile samaki, maana mwiko ya bwana njo mwiko ya bibi. Nikakula bila haraka, nikanyonya mifupa, mafuta ikanishuka mpaka mu kiganja. Chancelvie alijifanya anachochea moto.

"Iko tamu?" Kyungu akauliza.

"Iko tamu."

Kisha akanawa mikono.

"Nipe basi ya mukia."

Nikamupa mukia. Kichwa nilikula minyi, na sikugeuka kuangalia mayi.