Utepe wa Adey

"Mtoto wako amemfunga mbuzi wangu utepe, Idman! Utepe mwekundu, shingoni!"

"Si utepe tu, Maka? Ufungue uniletee, nimfunge nywele aende shule."

"Niufungue vipi na mkwe wangu ameshauona?"

Hapo mimi, jirani yao, nikaepua chai yangu, nikasogea uani. Ugomvi kama huo mtu hausikilizii jikoni.

Siku hiyo Maka alikuwa anamfanyia akika mjukuu wake, binti wa siku saba. Wa kuchinjwa alikuwa Adey, yule mbuzi jike mweupe aliyekula maboksi ya mtaa wetu wote, bulla nzima, mwezi mzima. Na mkwe mwenyewe ni Isnino, nyanya wa mtoto upande wa baba, aliyeshuka alfajiri kutoka Eldas na jamaa zake.

Sasa, kwetu mtoto akizaliwa hutengewa mnyama jike, awe anazaa kwa jina lake. Huyo hufungwa alama shingoni, wala hachinjwi. Isnino alipomwona mbuzi amefungwa utepe, akajua tu: Maka amemtengea mjukuu! Akapiga vigelegele, akamwekea Adey mkono kichwani, akaomba dua, kisha akatuma sauti kwenye kundi la familia. Kufikia saa mbili, Eldas nzima walikuwa wameitikia amina.

"Wageni sitini wanakuja," Maka akasema. "Watakula nini? Utepe?"

Idman akamwita bintiye. Hani ana miaka kumi, mwembamba kama antena, na kitabu hakimtoki kwapani.

"Nani alikutuma?" Maka akamuuliza.

"Hakuna, eedo," Hani akasema; ndivyo tunavyowaita shangazi. "Ni kitabu."

Gredi ya tano wanasoma hadithi ya wanyama wa shambani, mwanambuzi na rafiki yake bata. Bata amemwahidi mwenzake kwamba sikukuu ikija hatachinjwa.

"Mwalimu akasema tuandike, wewe ungemwokoa rafiki yako vipi?"

"Si ungeandika basi!"

"Niliandika, eedo. Nikapata kumi kwa kumi. Halafu jana nikasikia Adey ndiye anachinjwa."

"Na utepe ulijua maana yake?"

Hani akaangalia ndala zake. Idman akageuka upande, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Haya, twende," Maka akasema. "Utamwambia Isnino mwenyewe. Akikubali, utepe unatoka na kisu kinaingia."

Hani akaanza kulia bila sauti. Nikabeba thamosi yangu nikawafuata. Wageni lazima wapewe chai, au siyo?

Isnino alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye mkeka. Kisha akauliza, "Bata ni nini?"

"Kama kuku, ayeeyo," Hani akamjibu nyanya huyo, "lakini anaogelea."

"Na anaongea na mbuzi?"

"Ndiyo."

"Alimwokoa?"

"Sijui. Tuko sura ya tisa."

Isnino akamgeukia Maka. "Kwa hiyo wewe hukumtenga huyu mbuzi."

Maka akaketi kando yake mkekani. "Sikumtenga, mkwe wangu. Wallahi nilitaka kuwalisha vizuri."

"Sawa. Lakini mimi nimeshamwombea kwa jina la mtoto. Nitamlaje? Na niwaambie watu wa Eldas kwamba nilimwombea kitoweo?" Akacheka hadi ushungi ukamteleza. Akachukua simu, akampigia ndugu yake Abdiqani, dalali kwenye soko la mifugo la hapa mjini. "Niletee kondoo dume mnene, sasa hivi. Ni zawadi yangu. Ya Maka tumeshaiona."

Maka akaninyang'anya thamosi akammiminia mkwe wake chai mwenyewe.

Mchana nyumba ilijaa hadi viatu vikafika barabarani. Sinia la tatu la wali lilikuwa linapita nilipomwona Hani, ametoka shule, amesimama langoni, kitabu kifuani, hasogei.

"Unangoja kadi?" nikamwita.

"Mmepika nani?"

Maka akasikia. Akatoka, mikono ina mafuta, akamshika Hani bega, akamwonyesha nyuma ya nyumba. Adey alikuwa kwenye kivuli cha tangi la maji, anatafuna boksi la mtu, na nusu ya utepe ilikuwa imeshaingia mdomoni.

"Umeona? Hata shukrani hana, huyo rafiki yako," Maka akasema. "Ingia ule, mwanangu. Na kitabu ukilete. Isnino amegoma kunawa mikono mpaka ajue bata alifanyaje."