Keki ya Mzee Pohle

Kwa wiki tisa Henrike hakukaa kitako. Akikaa, mguu unacheza, akisimama, anazunguka, akila, anaacha nusu sahani akimbilie chini kwenye mashine, utadhani mashine itamtoroka. Wenzake wa maabara pale Dresden walimcheka, kisha wakamwacha, maana walijua kilichompata. Furaha nayo humnyima mtu usingizi.

Miaka mitatu alikuwa akihangaika na fuwele nyeusi zisizozidi punje ya mchele. Ndani ya fuwele hizo mna sumaku, ndogo kupita uwezo wa jicho lolote, zimepangwa pembetatu pembetatu, na kila moja inataka kumpa jirani yake mgongo. Wakiwa wawili, wanaweza. Wakiwa watatu, hawawezi: wa tatu akimpa mgongo huyu, anatazamana na yule. Basi hazitulii. Vitu vingine ukivipoza vya kutosha vinakubali yaishe, lakini hizi zinabishana hadi mwisho wa baridi. Watu wa kazi hii wanaamini kwamba katika ubishi wa namna hiyo ndimo siku moja umeme utakamopita bila kizuizi hata chembe, kwa njia ambayo bado hakuna aliyeieleza. Imani hiyo imewazeesha wengi.

Mwezi wa kwanza, ikatokea. Henrike alikuwa akiipoza fuwele moja mpya, kubwa kuliko zote, na ilipofika nyuzi nne nukta nne juu ya sifuri kuu, ile baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine, ukinzani wake, yaani kizuizi chake kwa umeme, ukaanguka hadi sifuri. Alirudia mara sita. Mara zote sita, nne nukta nne, sifuri.

Profesa Ruland, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumpa mtu zaidi ya mkono, alimkumbatia koridoni mbele za watu. Mkutano mkubwa wa wanafizikia ulikuwa mwezi wa tatu, na huko ndiko angetangaza ugunduzi wao. Koili ya sumaku ambayo ingewapa kipimo cha pili, cha kuthibitisha kile cha kwanza, ilikuwa kwa fundi. Jannik, mwanafunzi mwenzake Henrike, alipouliza kama wasingoje irudi, Profesa alimkata kauli.

"Tukingoja, wenzetu watatutangulia, sisi tubaki kupiga makofi. Tutapima tukirudi."

Haraka haraka, mwisho wake tunaujua wote, ila hakuna anayeukumbuka akiwa na haraka.

Aliyefurahi kuliko wote ni Mzee Pohle. Huyu ndiye mkuzaji wa fuwele, mtu wa ghorofa ya chini, mwenye matanuri manne na kitambaa begani. Huyeyusha unga wake wa kemikali ndani ya bati la moto, lile bati jeupe la mafundi redio, kama mtu anavyoyeyusha sukari kwenye maji, kisha analipoza taratibu kwa wiki saba, na fuwele zinajikuza humo ndani. Zikiwa tayari hulimwaga bati, na lile linalong'ang'ania hulitoa kwa tindikali. Miaka thelathini na moja alifanya hivyo. Sasa, mkutano ukiwa umekaribia, zilikuwa zimebaki wiki tano astaafu, na kwa mara ya kwanza jina lake lingeandikwa juu ya makala, si kule chini kwenye shukrani.

Alikuwa na fahari nyingine pia. Kwenye mlango wa friji ya chumba cha kahawa palibandikwa orodha. Sheria ya maabara ni moja: ukiharibu kitu, unaandika jina lako na kosa lako kwa mkono wako, na saa nne asubuhi inayofuata unaleta keki. Profesa mwenyewe alikuwamo mara mbili. Aliacha vali wazi na heliamu ya wiki nzima, ile gesi ya kupozea mashine, ikapaa angani. Jannik alikuwamo mara kumi na moja. Pohle hakuwamo hata mara moja.

"Keki zenu nimekula miaka thelathini na moja," alikuwa akisema, huku akijipapasa tumbo. "Hili tumbo mmelijenga nyie. Mimi sijachangia hata yai."

Jumatano, siku moja kabla ya safari ya Profesa, Henrike alitaka kupima mara ya saba. Hakukuwa na haja. Ni mikono tu iliyokosa raha. Kawaida yake huwasha pampu kwanza, ndipo ateremshe fimbo yenye fuwele na kipimajoto ndani ya birika la heliamu iliyopozwa hadi ikawa maji, kwa kuwa pampu ndiyo inayoipoza heliamu zaidi. Lakini siku ile Jannik alikuwa ameiazima pampu.

"Nusu saa tu, dada, nakurudishia!"

"Nusu saa yako naijua. Ina dakika tisini."

Akateremsha fimbo hivyo hivyo, bila pampu, akasimama kungoja. Heliamu ikachemka taratibu kwenye birika, kama inavyochemka siku zote. Kipimajoto kikashuka, kikashuka, kikatulia. Nne nukta tisa.

Henrike alikitazama. Akakigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha, jambo lisilosaidia chochote. Nne nukta tisa.

Sasa, heliamu ikiwa wazi hivyo huchemka kwa nne nukta mbili. Imechemka hivyo tangu dunia iumbwe, Dresden na kwingineko. Ukiweka sufuria ya maji jikoni, yakachemka, na kipimajoto kikakwambia nyuzi mia na ishirini, humlaumu aliyekuuzia maji.

Akafungua mafaili ya kompyuta, na hakuhitaji kutafuta sana. Mwezi wa kumi na mbili kipimajoto cha zamani kiliungua, akafunga kipya kwa mikono yake. Kila kipimajoto huja na jedwali lake la kuonyesha usomaji upi ni nyuzi ngapi, kama mtu na cheti chake cha kuzaliwa. Alibadilisha kipimajoto, jedwali akaliacha lile la marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wiki tisa kila namba aliyoisoma ilikuwa imezidi kwa nukta saba.

Nne nukta nne, toa nukta saba.

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua tatu nukta saba. Ni bati. Bati likifika tatu nukta saba hupitisha umeme bila kizuizi, na ugunduzi huo una zaidi ya miaka mia. Haukuwa ugunduzi wake. Yalikuwa mabaki ya sufuria, bati lililong'ang'ania fuwele.

Alishuka ngazi mbili mbili. Pohle alikuwa akipiga mswaki mabomba yake ya kioo, anapiga mluzi.

"Mzee, ile fuwele kubwa. Uliitia kwenye tindikali?"

Mluzi ukakatika. "Swali gani hilo?"

"Swali tu."

"Miaka thelathini na moja, binti. Thelathini na moja! Nilikuwa nakuza fuwele wewe hujui hata kujifuta pua. Leo unaniuliza kama nimenawa mikono?"

"Sijasema hivyo, Mzee."

"Basi umesemaje?" Alimgeuzia mgongo, akalichukua bomba ambalo tayari lilikuwa safi, akaanza kulipiga mswaki upya. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Henrike alipanda juu, akashuka tena, akafika mlangoni kwa Pohle na kurudi bila kubisha. Alitoka nje akaizunguka taasisi mara tatu kwenye baridi, bila koti. Akisema kosa lake, atakuwa amesema na la Pohle; hakuna mtu wa kazi hii asiyejua kutoa nukta saba. Akinyamaza, kesho saa sita na nusu Profesa atapanda treni na uongo wa kurasa ishirini mkobani, na huko mkutanoni kuna watu mia tano wenye koili nzima. Aliona aibu, tena aliogopa. Baya zaidi, palikuwa na sehemu ndogo ndani yake iliyonong'ona: labda hakuna atakayepima. Aliichukia sehemu hiyo.

Usiku uligoma kumpa usingizi. Alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya duka la mikate, akanunua keki nzima ya tabaka tatu, ya jibini laini na mayai, ile ambayo watu wa Dresden hawakubali kuwa kuna mji mwingine unaoiweza. Saa nne kasoro aliiweka mezani. Akachukua kalamu iliyoning'inia kwenye friji, akaandika jina lake na maneno manne: jedwali la kipimajoto, Desemba.

Wakaingia. Jannik akaiona keki kabla hajawaona watu.

"Keki ya ushindi! Dada, ungengoja basi tutangaze, utatutia mkosi!"

"Si ya ushindi. Soma friji."

Jannik akasoma. Tabasamu likamtoka polepole. Profesa Ruland, koti mkononi na mkoba wa safari miguuni, akasoma juu ya bega lake.

"Umekosea kwa kiasi gani?" akauliza Profesa.

"Nukta saba. Heliamu ilinichemkia kwa nne nukta tisa jana. Nimelirekebisha jedwali, nimepima upya."

Profesa hakuhitaji karatasi. Henrike aliona midomo yake ikitoa nukta saba. "Bati," akasema. Kisha wote walimgeukia Pohle, aliyekaa kitini pake pa siku zote dirishani, kikombe mkononi.

Henrike hakuwa amepanga kusema lililomtoka. "Si lake. Ni langu. Nadhani nyaya za kupimia nilizilehemu, na lehemu ina bati, ikamwagikia fuwele. Nilikuwa na haraka, sikuangalia."

Alilisema haraka, macho yakiwa kwenye keki. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo asiyezoea ni fupi zaidi. Jannik, ambaye aliwahi kumwona akizibandika nyaya zile kwa rangi yenye fedha ndani, si kwa lehemu, waya mmoja mmoja, akamkazia macho.

"Ulilehemu?" Profesa akauliza. "Wewe? Kwa nini ulehemu?"

"Nilichoka."

Kiti cha dirishani kikalia. Pohle alikuwa amesimama. Alitembea hadi kwenye friji, mzito, kama mtu anayevuka chumba chenye giza, akaishika kalamu. Ikamshinda kuandika mara ya kwanza. Wino haukutoka, akaitikisa.

"Usiwadanganye, mtoto," akasema bila kugeuka. "Hukulehemu. Unajua hukulehemu." Akaandika jina lake chini ya la Henrike, herufi kubwa za fundi, moja moja. "Tindikali inakula na fuwele yenyewe. Unaitia ikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi, unaitoa mchele. Miaka yote nimetoa mchele. Hii nilipoifungua... Nilijua sitapata nyingine ya ukubwa ule kabla sijastaafu. Ilikuwa nzuri mno. Nikasema, bati nimelimwaga lote, yatosha. Jana huyu kaja kuniuliza, nikamfokea. Nimelala na hilo."

Profesa aliivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kuingoja koili, na alikuwa muungwana wa kutosha kulikumbuka hilo.

"Sumaku je?" akamuuliza Henrike. "Zile pembetatu. Zimetulia, au nako umetuharibia?"

"Hazijatulia. Zile tulizipima kwa mashine nyingine. Tumeshuka hadi pale mashine inapogoma, na bado zinabishana."

"Basi hilo ndilo nitakalosema. Kurasa tano badala ya ishirini." Akautazama mkoba, kisha saa. "Nikatieni kipande nile kwenye treni. Kikubwa. Nina hasira."

Jannik akakata keki. Watu wakala wamesimama, bila stori nyingi, kama wanavyokula matangani. Pohle hakugusa. Sahani yake ilikaa mezani na kipande chake kizima.

Henrike akamfuata hadi chini. Alitaka kuomba radhi, lakini hakujua ya kosa lipi, la kusema au la kudanganya. Mzee alikuwa tayari amefungua tanuri la nne na anapima unga kwenye mizani, kitambaa begani.

"Keki yangu itakuwa ya plamu," akasema. "Kesho. Mke wangu ataoka. Nikimwambia ni ya nini, atacheka mpaka alie. Miaka yote hii nimemtambia."

"Mzee, mimi—"

"Shika hili koleo. Si hivyo, utajiunguza. Hivi." Alivisogeza vidole vya Henrike, kimoja kimoja, hadi vikakaa sawa. "Tanuri linataka wiki saba. Mimi nimebakiwa na tano. Utalifungua mwenyewe. Bati unamwaga likiwa moto bado, halafu tindikali, siku tatu, hata fuwele ikulilie namna gani. Unanisikia? Hata ikiwa nzuri."

"Nikiiharibu?"

Pohle akautia unga tanurini, akafunga mlango, akaangalia kipimajoto cha tanuri, kisha akaangalia jedwali lake lililobandikwa ukutani, namba kwa namba.

"Chini ya jina langu," akasema, "ile karatasi ya friji ina nafasi."